Gari Lililojifunza Kunyamaza

Kabula mwanangu,

Umekwenda Kwihara kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua dada yangu, hatakuachia mpaka akufungie michembe, vile viazi vyake vya kukausha, ya kulisha Mpanda nzima. Basi nimepata nafasi. Nimeketi hapa mezani, sanduku lako liko mlangoni limeshafungwa kamba, na kila saa nalitazama. Kesho treni itakupitisha Kaliua ikupeleke ukafundishe huko kwenye shule yako mpya, na mimi nitabaki na nyumba. Nimeona niandike kwa sababu kwa mdomo tumeshindwa. Tangu mama yako afariki tumekaa mimi na wewe tukiulizana habari kama wapangaji.

Sitakuandikia mambo ya chandarua, wala ya kuchemsha maji, wala ya kuficha hela mahali pawili ukiwa safarini. Hayo shangazi yako anakumwagia sasa hivi. Mimi nitakuandikia habari za gari.

Usicheke. Au cheka, maana ni muda mrefu sijakusikia ukicheka humu ndani.

Moris yetu unaijua tangu ukiwa huwezi kufikia kitasa cha mlango wake. Usichokijua ni jinsi babu yako alivyoipata. Aliinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi pale mjini, mzee aliyekuwa na duka la vitambaa, ambaye wanawe walikuwa wamehama wote na yeye macho yamemwisha. Babu yako akaipenda kuliko ng'ombe. Alikuwa mzee wa kanisa letu la Moravian, na gari lilikuwa la Jumapili na la misiba tu. Aliliendesha polepole, shati limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, na watoto wa Ntalikwa wakikimbia nyuma, wengine wakimpita. Aliponiachia alisema, "Usilikimbize. Hili si la kukimbizwa." Nikaitikia ndiyo, baba. Unajua mwenyewe ndiyo ya mtoto kwa mzazi ilivyo nyepesi.

Enzi hizo petroli ilikuwa inatiwa madini ya risasi, ndugu yake yale yaliyomo kwenye betri za gari. Yale madini yalipoungua yaliacha utando ndani ya injini, pale valvu, vile vifuniko vinavyofunguka na kufunga, zinapokalia, mafundi wanapaita siti, na zile siti zikapona na kipigo. Maana valvu hugonga siti yake bila kupumzika muda wote injini inapozunguka. Kisha serikali ikaondoa petroli ile, ikaja hii isiyo na risasi. Magari mapya hayakujali, siti zao ni chuma kigumu. Moris yetu ni ya kizamani, chuma chake ni laini. Bila ule utando, kila valvu inapogonga inakula siti kidogo, inazama kidogo. Husikii kitu, huoni kitu.

Haya yote sikuyajua. Niliyafahamu kwa fundi Kondo, tena nikiwa nimechelewa.

Fundi Kondo unamfahamu, yule Mzaramo mwenye gereji nyuma ya soko. Babu yake alikuja huku na reli akaoa hapa hapa, lakini Kondo mwenyewe mpaka leo ukimuuliza kwao atakwambia pwani. Ni mtani wetu. Wazaramo na sisi Wanyamwezi tumetaniana tangu mababu zetu walipokuwa wanatembea kwa miguu kutoka hapa na pembe za ndovu mabegani mpaka baharini. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na huruhusiwi kununa. Anaweza kukutabiria kifo, nawe ukacheka ukamtabiria cha kwake. Ndivyo tulivyolelewa, na ni jambo zuri, sitaki ulichukie. Lakini ndilo lililonipoteza.

Lami ya Nzega ilipokamilika nikaona mbona nateseka kupakia asali kwenye malori ya watu na gari ninalo. Nikatoa kiti cha nyuma siku za kazi, nikapanga ndoo za asali, nikawa naipeleka Moris Nzega, mguu chini. Gari la Jumapili nikaligeuza la kila siku. Na kitu cha ajabu kikatokea: gari likazidi kutulia. Zamani lilikuwa na kale kasauti ka tapeti, vile vyuma vinavyozigonga valvu, ta-ta-ta-ta, kama mtu anayekatakata mboga chumba cha pili. Kasauti kale kakapungua, kakapungua, kakaisha. Nikawa naringa nalo. Nikampelekea Kondo abadilishe oili nikamwambia, "Sikiliza chombo. Kimekuwa kipya."

Kondo akainamisha sikio, akaninyooshea kidole chenye grisi. "Mpagazi wee, gari lako linakufa. Tapeti ikiwa na kelele kidogo ndiyo uzima wake, ina nafasi ya kupumua. Hili limenyamaza kama maiti. Niachie nilifungue, au niachie nilizike."

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. "Mzaramo unataka hela za nazi!"

"Nyinyi ndivyo mlivyo," akasema. "Mlibeba mizigo ya watu mpaka pwani hamkuuliza ndani kuna nini. Mtabeba hata kilichokufa."

Mwanangu, alikuwa anasema kweli tupu. Angekuwa fundi mwingine yeyote, mtu baki, ningeshtuka nikaliacha gari siku ile ile. Kwa kuwa ni mtani, nikachukua kila neno nikalitia kwenye kapu la utani. Alinirudia mara nyingi, na kila alivyozidisha vitisho ndivyo nilivyozidi kucheka. Alinishauri hata nitie ile dawa ya kopo kwenye tangi, inayoshika nafasi ya risasi kidogo. Nikatia kopo moja, nikaona gari liko vilevile, nikaacha.

Sasa nifike ninapopaogopa.

Mama yako alikuwa msemaji. Sijui kama unamkumbuka hivyo, maana wewe ulimpata sana kwenye miaka yake ya mwisho, na miaka ile si yeye. Mama yako alisema na kuku, alisema na sufuria, alisema na redio. Ndani ya gari ndiyo usiseme: "Baba Kabula, shimo. Baba Kabula, kuna mbuzi. Baba Kabula, umempita mwalimu hukumsalimu." Nilipomwoa nilipenda. Nilikulia nyumba ya mzee wa kanisa ambamo kijiko kikianguka watu wote wanashtuka, na ile sauti yake ilinifanya nijione nimetoka kwenye baridi nikaingia jikoni. Halafu, sijui lini, ikaanza kunichosha. Ndiyo ubaya wa binadamu, anachoka na kile kile alichokilipia ng'ombe.

Unaikumbuka ile Jumapili tunatoka Kwihara. Najua unaikumbuka. Mama yako mbele, wewe na shangazi yako nyuma na magunia ya viazi. Barabara ilikuwa imeliwa na mvua. Mama yako akaniomba nipunguze mwendo, akasema ubavu unamchoma tangu usiku, kila gari likiruka unamchoma. Akasema tena. Akasema mara ya tatu. Na mimi nilikuwa nimetoka kumsifia shangazi yako jinsi injini ilivyotulia. Nikasema, "Hata gari limejifunza kunyamaza. Wewe utajifunza lini?"

Shangazi yako akacheka. Nikacheka na mimi, nikijisifu kwa maneno yangu. Nikatazama kwenye kioo nikakuona wewe. Hukucheka. Ulikuwa unamtazama mama yako kisogo.

Akajifunza, Kabula. Siku ile ile. Hakunung'unika wala hakununa, aliitikia tu "haya", akageuza uso dirishani. Na kuanzia hapo nyumba ikapoa. Nikimuuliza, "Unaumwa?" anajibu, "Siumwi, nimechoka tu." Nikimuuliza tena, jibu hilo hilo, na sauti hiyo hiyo. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilimwambia rafiki yangu kanisani kwamba mke wangu amekua, ameacha maneno. Nikaenda hata kwa Kondo, nikamsimulia kile kichekesho changu cha ndani ya gari, nikitegemea atacheka. Kondo, ambaye hucheka mpaka msibani, alinitazama tu. Akafuta mikono, akaniuliza, "Na yeye umempeleka wapi akafunguliwe?"

Hapo pia nilisema ni utani.

Moris ikafa njia ya Nzega, na ndoo zimejaa. Haikufa kwa kishindo. Ilikosa nguvu tu, ikawa haipandi hata kilima ambacho mtoto angekipanda na baiskeli, ikazima na haikuwaka tena. Tukaivuta kwa lori mpaka kwa Kondo. Akafungua hedi, kile kichwa cha injini zinamokaa valvu, akaniita, akaniambia leta kidole. Akanipapasisha pale valvu inapokaa. Ilikuwa imezama, imejichimbia kwenye chuma kama kisigino kwenye tope. Nyingine ilikuwa imeungua ukingo. Siku hiyo hakunitania kabisa. Akanieleza taratibu: valvu ikizama, mkia wake unapanda, ile nafasi kati yake na kinachoigonga inapungua. Nafasi ikipungua kelele inapungua. Nafasi ikiisha kelele inaisha, na hapo valvu haifungi tena, moto unapita pale pale usipotakiwa kupita, unaichoma. "Wewe ulisikia limetulia," alisema. "Lilikuwa limebanwa."

Nilielewa kila neno. Nilirudi nyumbani jioni na hedi ya gari akilini. Mama yako akaniandalia ugali na mlenda, akakaa kwenye mkeka pembeni yangu. Nikamsimulia yote kama nilivyosimuliwa, valvu, siti, kunyamaza, kubanwa, nikionyesha kwa vidole. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe." Nikamuuliza, "Mbona huli?" Akasema, "Nimeshiba, nimechoka tu." Nikasema haya. Nikanawa mikono nikaenda kulala.

Hilo ndilo linaloniua. Kile kichekesho cha barabarani nilikisema kwa ujinga, na ujinga Mungu anaweza kuusamehe. Lakini jioni ile nilikuwa na elimu yote mkononi, imetoka kufundishwa asubuhi yake, na ugonjwa uko mbele yangu umekaa kwenye mkeka, unanitazama. Nikanawa mikono.

Haukupita muda akaanguka chini akiteka maji kisimani. Uliyaona mengine mwenyewe. Daktari aliposema "mngemleta mapema", mimi nilijibu kwamba gari lilikuwa bovu. Ulikuwa umesimama karibu yangu, umeshika kanga ya mama yako. Nimewaambia watu wote hivyo tangu siku ile, kwamba Moris ingekuwa nzima mama yako angewahi. Nimeilaumu petroli, nimeilaumu serikali iliyoondoa risasi. Si kweli, Kabula. Bodaboda zilikuwepo, mabasi yalikuwepo, hata punda wa jirani alikuwepo. Mama yako hakuchelewa kwa sababu ya gari. Alichelewa kwa sababu nilimwambia anyamaze wakati anasema anaumwa. Na wewe umelijua hilo miaka yote, ukalibeba peke yako, ukaniita baba na kuniwekea maji ya kuoga.

Halafu matanga. Najua uliapa moyoni hutamwamkia Kondo tena, na humwamkii, unazunguka soko zima kuikwepa gereji yake. Alifanya kazi ya mtani, kama watani wanavyofanya. Alijilaza kwenye mkeka uani, akajifunika kanga ya mama yako, akaanza kugumia. Mtani mwenzake akamuuliza, "Mama, unaumwa?" Akajibu kwa sauti ya mama yako, ile ile, "Siumwi, nimechoka tu." Watu wakacheka. "Si ulie basi, mama?" Akasema, "Silii. Mume wangu hapendi kelele."

Watu wakacheka tena, kisha kicheko kikakatika katikati. Desturi inataka mfiwa atoe chochote, shilingi kidogo, mtani ainuke. Nilitia mkono mfukoni, mkono haukutoka. Wewe uliinuka na beseni la vyombo ukapita katikati ya watu ukaenda nyuma ya nyumba. Kondo akabaki amelala, hakuinuka. Nilipomfunua ile kanga uso wake ulikuwa umelowa machozi. Kwa hiyo mwamkie, mwanangu. Sikuombi kwa ajili ya heshima. Yule ndiye mtu pekee aliyeniambia ukweli kabla ya kifo cha mama yako na baada yake, na ni mimi niliyekosa masikio.

Baada ya arobaini alikuja kuichukua hedi mwenyewe. Akaipeleka kwa wakereza vyuma, wakachimba zile siti laini zote zilizoliwa, wakapachika mpya za chuma kigumu, za kuhimili petroli hii ya sasa. Nilimuuliza kama hakuna pahali tunaweza kupata petroli ya zamani. Akanicheka. Akasema ile risasi iliyokuwa inailinda Moris ilikuwa ni sumu, ilikuwa inatoka kwenye bomba inaingia vichwani mwa watoto waliokuwa wanakimbia nyuma ya babu yako. Nimelifikiria sana hilo. Nilikuwa nikiwaza kwamba zamani kulikuwa na amani, kwenye nyumba ya baba yangu isiyo na kelele. Sasa sijui ni nini kilikuwa kinamla mama yangu kimoyomoyo katika kimya kile. Sikuwahi kumuuliza.

Sitakwambia uishi vipi na watu wa Mpanda. Utakuwa na mwalimu mkuu, utakuwa na watoto darasani, siku moja Mungu akipenda utakuwa na mtu wako. Nina moja tu. Nyumba hii imekufundisha kunyamaza, na mwalimu wako alikuwa mimi. Ulipougua malaria mwaka juzi nilijua kwa kusikia meno yako yanagongana ng'ambo ya ukuta, wala hukuniita. Ulipopata kazi hii niliambiwa na shangazi yako. Kila nikikuuliza unajibu, "Niko salama, baba," na nikisikia "niko salama" yako nasikia "nimechoka tu" ya mama yako, nalala macho wazi. Ninaogopa, Kabula. Ninaogopa utakwenda kuzama huko mbali, kidogo kidogo, na watu watakusifia kwamba mwalimu ametulia.

Ulizaliwa mvua inanyesha, ndiyo maana ya jina lako, na mkunga alisema hajapata kusikia mtoto mwenye mlio kama ule, ulishinda bati. Mama yako alinyoosha mkono akacheka akasema, "Baba Kabula, huyu ni wangu kweli." Ile sauti haikwenda popote. Iko humo ndani yako, nami ndiye niliyeibana.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako ili uikute ukirudi magharibi. Nitakuwa nje kwenye mizinga, nitakaa huko mpaka giza liingie, usione kama nakusimamia. Ukitaka kuichana, ichane. Ukitaka kuniita, niite, nitasikia.

Kesho nitakupeleka stesheni na Moris. Ikiwa baridi asubuhi utaisikia inapiga tapeti, ta-ta-ta-ta, Kondo ameiachia nafasi yake kama inavyotakiwa. Kutoka hapa Ntalikwa hadi stesheni mimi nitakwenda mwendo wa babu yako. Keti mbele, pale alipokuwa anakaa mama yako. Uniambie mashimo. Uniambie mbuzi. Uniambie nilimuua mama yako kama ndivyo unavyoamini, nimeshajiambia mwenyewe mara nyingi, lakini sijawahi kulisikia kutoka kwa mtu mwenye haki ya kulisema. Sitageuza uso, sitakujibu, sitatania. Nitaendesha tu na kusikiliza.

Ila sema kwa sauti, mwanangu, maana gari hili sasa lina kelele.

Baba yako